BARUA YA KUFUNGA MUHULA: JARIDA LA MUZIKI, UKURASA WA 19 NA ADA

Ndugu Mzazi/Mlezi,

YAH: KUFUNGA SHULE MUHULA WA KWANZA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tunafunga Ijumaa hii. Ndani ya bahasha utakuta ripoti ya mwanao pamoja na kitu ambacho shule yetu haijawahi kukitoa: jarida la muziki la kurasa 28, lililoandikwa, kupigwa picha, kupangwa na kukunjwa na wanafunzi wenyewe. Naomba uanze na jarida. Ukishalisoma mpaka ukurasa wa mwisho, fungua ripoti.

Kazi ilianzia kwenye karatasi ya manila iliyobandikwa ukutani mwa maabara ya kompyuta, ikiwa imechorwa vyumba 28, kila chumba ukurasa mmoja. Jarida linaloshonwa kwa pini katikati lazima kurasa zake zigawanyike kwa nne, maana kila karatasi ya A3 ikikunjwa huzaa kurasa nne. Wahariri walikuwa na makala za kurasa 30. Wakaambiwa wachague: wakate mbili au waongeze mbili zenye maana. Walibishana siku mbili, wakakata, na jarida likawa zuri zaidi.

Makala ninayojivunia kuliko zote ni ya ukurasa wa 6 hadi wa 8, inayotoka kwenye muziki wa dansi hadi singeli. Vijana hawakuridhika kuandika kwamba singeli ni ya kasi. Waliipima. Njia ni rahisi: hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa nne. Lakini singeli inapita mapigo 200 kwa dakika, na kidole hakiwezi kufuatisha bila kukosea, kwa hiyo walihesabu pigo la kwanza tu la kila mapigo manne, kisha wakazidisha. Kila wimbo walirudia mara tatu, na majibu yaliyotofautiana sana waliyatupa. Mzazi aliyecheza Sikinde, yaani muziki wa bendi ya DDC Mlimani Park, ujanani akae na mwanawe waisome pamoja. Rasimu ya kwanza ilisema DDC Mlimani Park ilianzishwa 1987, ni 1978. Kosa hilo lilipita macho ya wahariri wanne. Lilinaswa pale mmoja aliposoma kwa sauti na mwenzake kufuata kwa kalamu kwenye maelezo ya awali, tarakimu kwa tarakimu. Tangu siku hiyo hakuna ukurasa uliotoka bila kusomwa hivyo.

Kulikuwa na ombi la kuchapa mashairi kamili ya nyimbo zinazovuma. Nilikataa. Maneno ya wimbo ni mali ya aliyeyatunga, na tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Badala yake kurasa za 12 na 13 zina nyimbo mbili walizotunga wanafunzi wetu, na ya pili, ile ya kivuko cha Kigamboni, inastahili kuimbwa.

Picha ndizo zilizotutesa. Picha ya kujaza ukurasa wa A4 kwa uchapaji mzuri inahitaji pikseli 2,480 kwa 3,508, yaani nukta 300 kwa kila inchi. Zilizotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida zilikuwa zimebanwa. Yenye pikseli 1,600 upande mrefu, ukiitandaza ukurasa mzima, inabaki na nukta kama 137. Kwenye simu inang'aa, kwenye karatasi sura inakuwa kama imeonekana kupitia chandarua. Vijana walijifunza kutuma picha kama faili, au kuzihamisha kwa waya. Zile za tamasha la ukumbini ziliharibika kwa sababu nyingine: taa hafifu, simu ikachukua mwanga kwa muda mrefu, mpiga ngoma akatoka na mikono sita. Walirudia mazoezini, mchana, madirisha yakiwa wazi, na ndizo unazoziona.

Maandishi yamepangwa kwa Scribus, programu isiyolipiwa, safu tatu kwa ukurasa, herufi za pointi 10. Hapa naomba wazazi wanaofanya kazi za ofisi wanisikilize, kwani kosa hili naliona hata kwenye matangazo ya kampuni kubwa. Programu ikiachwa kwenye kanuni za Kiingereza, hukata maneno ya Kiswahili mwisho wa mstari popote inapotaka: tulikuta "wan-amuziki" na "kin-anda". Neno la Kiswahili kwa kawaida hukatwa baada ya irabu: wa-na-mu-zi-ki, ki-na-nda. Wanafunzi walizima ukataji wa programu, wakaukagua mstari kwa mstari wenyewe. Pia walijifunza kwamba maandishi ya habari yapewe wino mweusi pekee. Weusi unaochanganywa kwa rangi zote nne, karatasi ikisogea kidogo tu mashinani, kila herufi inaota kivuli chekundu au cha buluu. Na zambarau kali iliyowapendeza kwenye kioo cha kompyuta ilitoka imefifia kwenye nakala ya mfano, kwa kuwa kioo hutoa mwanga na karatasi haitoi. Kava ikabadilishwa ikawa ya machungwa.

Tulichapa nakala 300 Kariakoo, karatasi ya gramu 115 ndani na gramu 200 kwa kava. Kukunja na kupiga pini kulifanyika bwaloni kwa stepla ya mkono mrefu, kisha tukarudisha kwa mpiga chapa kukata kingo. Karatasi saba zikiingizwa moja ndani ya nyingine, za katikati husukumwa nje, na zikikatwa hupoteza upana. Ndiyo maana namba za kurasa zimekaa milimita 12 kutoka ukingoni.

Matokeo ya mitihani yamo kwenye ripoti. Hisabati Kidato cha Pili bado hairidhishi. Choo kipya cha wavulana kimekamilika. Sare ya michezo haijabadilika.

Sasa niseme kuhusu ukurasa wa 19.

Nakala ya mfano ilisomwa na kusainiwa Alhamisi. Jioni ile wanafunzi wawili wa Kidato cha Tatu walifungua faili la mpangilio, wakabadili maelezo ya picha ya binti wa Kidato cha Pili anayepiga kinanda, wakatoa PDF upya kwa jina lile lile. Palipokuwa na jina lake na ala yake, waliweka maneno ya kudhihaki mwili wake. Faili likaenda kiwandani. Kosa lilionekana nakala 40 zikiwa zimekwisha kukunjwa, na aliyeliona wa kwanza ni binti mwenyewe, bwaloni, stepla ikiwa mkononi mwake. Aliweka stepla mezani taratibu, akatoka nje. Hakurudi siku ile wala iliyofuata.

Ukurasa wa 19 hauko peke yake. Karatasi hiyo hiyo imebeba kurasa za 9, 10 na 20. Karatasi 300 zikawa taka, zikachapwa upya, na zile nakala 40 zikafumuliwa pini moja moja. Hayo ni ya fedha na jasho. La binti ni zito zaidi, na pini haziwezi kulifumua.

Kamati ya Nidhamu imewasimamisha wahusika wiki mbili, nao wameomba radhi mbele ya binti na wazazi wake. Gharama ya kuchapa upya italipwa na familia zao. Nimepigiwa simu nikiambiwa huo ni utani wa watoto, na kwamba nisiukuze. Mzazi, utani una watu wake na mahali pake. Mtani humtania mtani mwenzake, ana kwa ana, naye anaruhusiwa kujibu. Kumwandika mtoto wa mwenzio kwa siri, mara 300, kwa wino, si utani. Sitabadili uamuzi huu kwa simu wala kwa ujumbe wa mtu mkubwa. Nanyi mnaosema shule ingezuia, mmesema kweli kwa sehemu: kompyuta ya jarida haikuwa na nywila. Sasa inayo. Baada ya kusainiwa, faili litahifadhiwa kwenye flashi mbili kwa mwalimu mlezi, naye atakaa kiwandani hadi karatasi ya kwanza ya kila upande itoke aisome.

Kuhusu ada. Shule inaruhusu awamu tatu, na tarehe zake mlizisaini Januari. Sasa tunafunga muhula na wapo ambao hawajamaliza hata awamu ya kwanza. Si wale waliopatwa na msiba au kupoteza kazi. Hao walikuja ofisini, tukakaa, tukaandikiana, na wanatekeleza. Nazungumza na mzazi anayeahidi mwisho wa mwezi, mwezi ukiisha anazima simu. Mzazi huyo huyo mtoto wake anakula bwaloni kila mchana. Mchele, maharage na mkaa vinalipiwa na ada, na muuza mchele hapokei ahadi. Mara mbili muhula huu mishahara imechelewa kwa sababu hiyo, na walimu wakaendelea kuingia darasani. Kuanzia muhula ujao, mwanafunzi mwenye deni la awamu mbili hatapokelewa mpaka mzazi afike mwenyewe kwa mhasibu. Asitumwe shangazi wala dereva. Slipu ya benki iletwe siku ile ile. Picha ya slipu kwenye simu haitakubaliwa, kwani tumepokea mbili za kughushi.

Kuhusu utoro. Mvua zikifunga Jangwani tunajua, na hatumwadhibu mtoto wa Kimara kwa maji ya Msimbazi. Lakini Jumatatu za jua kali madawati yanakuwa wazi, na ukiuliza, familia ilikuwa harusini tangu Alhamisi. Mtoto akikosa siku tatu bila barua, atarudi na mzazi.

Tarehe ya kufungua iko nyuma ya ripoti. Kila mwanafunzi amepewa nakala moja ya jarida. Za ziada zipo kwa mhasibu hadi Ijumaa saa 9 alasiri. Toleo la pili litaandaliwa muhula ujao, na bodi ya wahariri inatafuta mzazi mwenye rekodi za zamani za muziki wa dansi, santuri au kanda, zitakazosikilizwa hapa hapa shuleni na kurudishwa mkononi mwake. Atakayekuwa tayari aandike jina lake kwenye daftari la getini.

Binti wa kinanda amerejea shuleni. Picha yake iko ukurasa wa 19, ina jina lake na ala yake.

Wako katika malezi,

Mkuu wa Shule
Dar es Salaam