Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Vipindi: Judy alikuwepo

Mheshimiwa Mkurugenzi, assalaam alaykum.

Mie ni mtazamaji wako wa Chake Chake, yule wa daftari. Nimeshapiga simu mara nne, nimemtuma na mpwa wangu wa Unguja afike hapo ofisini kwenu, akaambiwa bosi yuko kikaoni. Haya, hicho kikao kikimalizika nakuomba usome hii.

Ijumaa iliyopita kwenye shindano lenu la kutafuta makosa ya Family Matters, kile kipindi cha vichekesho cha Kimarekani, mliuliza mzee Carl Winslow na mkewe Harriette wana watoto wangapi. Nikapiga, nikangojeshwa salio linakatika tu, nikasema watatu, Eddie, Laura na Judy. Mtangazaji wako akacheka, "bibi leo umeota, ni wawili," akanikatia. Laivu! Mtaa mzima unasikiliza. Sasa nikenda dukani kununua sukari vijana wa barazani wananiita Bi Judy, na mume wangu naye, anayekoroma kila kipindi kikianza, eti ananiuliza binti yetu wa tatu yuko wapi.

Mheshimiwa, kipindi hicho kimeanza 1989 kikaisha 1998, misimu tisa, na Judy yumo tangu siku ya mwanzo. Tena kipande cha kwanza kabisa kacheza mtoto mwengine, Valerie Jones, halafu ndo akaja Jaimee Foxworth, yaani Judy mmoja sura mbili, hilo peke yake lingekutosheni swali. Baada ya msimu wa nne akapotea. Hakufa, hakuolewa, hakupelekwa skuli ya mbali, wala baba mtu, askari polisi mzima wa Chicago, hajauliza mwanangu yuko wapi, utadhani kapanda ghorofani kutafuta kiatu mpaka leo hajashuka. Mie nahisi Urkel, yule kijana wa jirani, ndo alommaliza, maana yule kaletwa kama mgeni wa siku moja katikati ya msimu wa kwanza, watu wakampenda, akatanua miguu mpaka wenye nyumba wakakosa pa kukaa. Au pesa, sijui, lakini alikuwepo jamani, nimemuona kwa macho yangu kwenye stesheni yenu wenyewe!

Na mama Harriette je? Msimu wa tisa unakaribia kwisha katoka Jo Marie Payton kaingia Judyann Elder, watoto wanamwita mama kama hakijatokea kitu. Nikakutumieni meseji, mkanijibu "asante kwa kushiriki".

Kabla ya Ramadhani si mlituahidi hewani kuwa majibu mtakuwa mnayahakiki kwanza? Mlihakikia wapi, kwa yule kijana wa kamera? Visiwa hivi tumeona televisheni ya rangi tangu 1973, wenzetu wa Bara wakati huo hata kituo chao hawakuwa nacho, halafu nyinyi mlofungua juzi mnatufanya hatujui kutazama tv.

Lile jiko la gesi la zawadi nilikuwa nalitaka, sikufichi, mkaa unanitoa roho. Lakini jiko mpeni huyohuyo alosema wawili, apikie kwa raha zake. Mie namtaka yuleyule mtangazaji, kwa mdomo wake uleule, aseme Judy alikuwepo. Basi. Hata asinitaje jina.

Ijumaa saa tatu usiku nitakaa na daftari langu, umeme usipokatika.