Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Waziri: Tufungulieni Lango Siku Tunazopumzika

Mheshimiwa Waziri,

YAH: KUFUNGWA KWA ENEO LA MAPUMZIKO LA UMMA JUMAMOSI, JUMAPILI NA SIKUKUU

Pokea salaam zangu za heshima. Najua una majukumu mazito, na kama ningekuwa na mlango mwingine wa kubisha nisingekuandikia hadharani. Ofisi inayosimamia eneo hili nimeiandikia. Simu nimepiga. Nimejibiwa kwamba suala linafanyiwa kazi, nikashukuru, nikasubiri. Jumapili iliyopita subira yangu iliisha.

Siku hiyo mimi, mume wangu, watoto na mama mkwe wangu tulikwenda kwenye eneo la mapumziko lenye msitu na bwawa, lililo karibu na tunakoishi. Ni eneo la umma. Linatunzwa kwa kodi zetu. Na wewe mwenyewe, Mheshimiwa, siku ulipokata utepe baada ya ukarabati, ulitamka kwa sauti iliyotufikia hadi nyuma tulikosimama kwamba sasa familia hazitahitaji tena kusafiri mbali ili zipumzike. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma. Tulipiga wengi, kwa kuwa ulikuwa umeligusa hitaji letu lenyewe.

Tulikuta lango limefungwa kwa mnyororo na kufuli. Ubao wa matangazo unasema eneo liko wazi Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Chini yake wameongeza kwa rangi nyekundu kwamba mwisho wa wiki na sikukuu ni kwa shughuli zilizokodiwa tu. Kwa ndani, vijana walikuwa wakisimamisha maturubai ya sherehe ya mtu. Mlinzi alikuja akatuambia kwa upole, "Dada, mimi nimepewa funguo na maelekezo. Njooni siku za kazi." Nikamjibu, "Kaka yangu, siku za kazi si ndizo tuko kazini?" Hakuwa na la kusema, na simlaumu hata kidogo. Mama mkwe, ambaye magoti yanamsumbua, alikuwa ameshaketi juu ya jiwe kando ya ukuta. Kitindamimba wangu alipitisha mpira wake katikati ya nondo za lango, ukabingirika hadi kwenye majani. Mlinzi ndiye aliyeufuata, akaturudishia kwa juu.

Mheshimiwa, ni nani aliyepanga saa hizo? Saa mbili hadi saa kumi, Jumatatu hadi Ijumaa, ni saa za ofisi. Ni saa ambazo watoto wako darasani na wazazi wako kwenye vibarua vyao. Mtu akikaa chini atafute ratiba itakayohakikisha familia haikanyagi pale kamwe, hawezi kupata nyingine inayofaa kuliko hii.

Wapo wanaodhani mapumziko ya familia ni lazima iwe hoteli, ndege na masanduku. Familia nyingi haziishi hivyo. Sisi, kwa mfano, siku ambayo mimi na mume wangu tuko nyumbani pamoja hupatikana kwa nadra, maana yeye anafanya kazi kwa zamu. Na ndani ya siku hiyo kuna nguo za kufua, kuna ibada, kuna sare za shule, kuna mgonjwa wa kumjulia hali. Zinazobaki ni saa chache. Ukizimalizia barabarani, watoto wanafika wametapika na kuchoka, na mnageuza kabla hawajacheza. Ndiyo maana bwawa lililo karibu lina maana kwetu kuliko hifadhi maarufu iliyo mbali. Bibi yao anafika bila miguu kuvimba. Mtoto akilemewa na usingizi tunarudi nyumbani. Hakuna anayekopa ili alale ugenini.

Na mimi nina afadhali, kwa sababu ninayo ajira ya mkataba. Mkataba namba 132 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1970, unataka mfanyakazi apate likizo ya mwaka yenye malipo isiyopungua wiki tatu za kazi. Vizuri sana. Lakini kibarua wa ujenzi, fundi cherehani aliyejiajiri na dada wa kazi za nyumbani wanasainiwa fomu ya likizo na nani? Likizo yao ya mwaka mzima ni hizo Jumapili na sikukuu, na ndizo siku lango linapofungwa. Mlinzi akisema njooni siku za kazi, anawaambia waache kula ndipo wapumzike.

Sikuombi anasa. Ibara ya 24 ya Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948 inasema kila mtu ana haki ya kupumzika na kustarehe. Ibara ya 31 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 inampa mtoto haki ya kupumzika, kucheza na kupata burudani ya umri wake, na inazitaka serikali zihimize nafasi hizo zipatikane kwa usawa. Ibara ya 12 ya Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, wa 1990, inasema hivyohivyo. Usawa huo uko wapi pale ambapo mwenye fedha za kukodi eneo zima anaingia na maturubai yake, na mtoto mwenye mpira anabaki nje ya nondo?

Wataalamu nao wameshasema. Mtafiti Jessica de Bloom na wenzake walifuatilia wafanyakazi kabla ya likizo, wakiwa likizoni na baada ya kurudi. Waliona kwamba afya na furaha hupanda mtu akiwa mapumzikoni, kisha hurudi palepale muda mfupi baada ya kuanza kazi, mara nyingi ndani ya wiki ya kwanza. Maana yake ni kwamba safari moja kubwa kwa mwaka, hata ukiipata, haikubebi mwaka mzima. Mwili unadai mapumziko madogo ya mara kwa mara. Utafiti mwingine wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2019 na uliohusisha watu wapatao 20,000, ulionyesha kwamba wanaotumia angalau dakika 120 kwa wiki kwenye maeneo ya asili wana uwezekano mkubwa zaidi wa kusema wana afya njema na wanajisikia vizuri. Iwe ni kwa mara moja au kwa vipande vipande, ni sawa. Saa mbili tu kwa wiki, Mheshimiwa! Nipe saa mbili za Jumamosi pale bwawani, sihitaji kingine.

Mambo haya yana historia ndefu. Jumapili ya tarehe 24 Aprili 1932, mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi kutoka Manchester, mji wa viwanda nchini Uingereza, walipanda mlima wa Kinder Scout bila ruhusa. Mlima ulikuwa karibu na kwao, lakini ulikuwa umezuiwa kwa ajili ya matajiri waliokwenda kuwinda ndege. Baadhi ya vijana wale walifungwa jela. Mwaka 1949 nchi hiyo ikapitisha sheria ya hifadhi za taifa, na mwaka 1951 eneo la milima hiyohiyo, Peak District, likawa hifadhi yake ya kwanza ya taifa. Sisi hatutaki kuruka ukuta wala kuvunja kufuli. Tunabisha hodi.

Na mfano wa kiongozi upo. Mwaka 1936 Ufaransa ilipotunga sheria ya wiki mbili za likizo yenye malipo, Léo Lagrange, aliyekuwa na dhamana ya michezo na burudani katika serikali ya Léon Blum, aliona kwamba siku za likizo peke yake hazitoshi kama mfanyakazi hana njia ya kutoka na familia yake. Akasimamia tiketi za treni zilizopunguzwa bei kwa asilimia 40. Watu wakatoka, wengine wakaiona bahari kwa mara ya kwanza maishani. Sisi hata tiketi hatuhitaji. Tunafika kwa miguu yetu.

Nimejaribu kuelewa sababu. Huenda ni posho za walinzi na wafanya usafi kwa siku za mapumziko. Kama ni hivyo, nao ni watu, walipwe, au wapangiwe zamu na kupewa siku nyingine ya kupumzika. Hospitali zinafanya hivyo na hazifungwi Jumapili. Huenda ni mapato ya kukodisha. Majirani wengi wanaamini hivyo, na mimi nakaribia kuamini, kwa sababu sijapita pale mwisho wa wiki nikakosa kuona maturubai. Kama ni mapato, wakodisheni upande mmoja na kutuachia upande wa bwawa. Au tozeni kiingilio kidogo tutakachomudu. Hapana, hilo la kiingilio nalirudisha, maana kuna wazazi wenye watoto wengi ambao hata kidogo hicho kitawashinda, na eneo ni la umma. Au huenda hakuna sababu yoyote, mtu alinakili saa za ofisi akazibandika ubaoni, na hakuna aliyeuliza tena.

Niseme pia kuhusu ndani, kwani nilishawahi kuomba ruhusa kazini, nikawachukua watoto wakati wa likizo ya shule, tukaingia siku ya kazi. Mlango wa choo cha wanawake ulikuwa umefungwa kwa waya uliosokotwa mara nyingi kwenye kitasa. Bomba la kunawia lilikohoa upepo. Binti yangu alijisitiri nyuma ya kichaka nikiwa nimemkinga kwa mtandio wangu, na ana umri wa kuona aibu. Njia mpya ya kiti cha magurudumu, ile uliyopigwa nayo picha, inaanzia vizuri getini na kuishia kwenye ngazi. Hakuna benchi lenye kivuli, hivyo mzee akifika anasimama au anakaa juani. Pesa za ukarabati zilitumika, hilo tuliliona kwa macho. Sasa kwa nini mtoto hana pa kujisaidia?

Lakini nisije nikakuchanganya kwa mengi. Choo kinaweza kusubiri wiki mbili. Mabenchi tunaweza hata kuchanga wenyewe, na wapo mafundi mtaani watakaojitolea. Ngazi zile zinahitaji fundi na mifuko michache ya saruji. Lango ndilo lisilo na sababu ya kusubiri, kwa sababu kulifungua hakuhitaji bajeti mpya wala kamati. Kunahitaji agizo lako la aya moja.

Likizo ya shule inakaribia. Watoto watakuwa nyumbani, na wazazi tutakuwa na zile siku zetu za mwisho wa wiki. Mwaka jana kipindi kama hiki watoto wa mtaani kwetu walicheza kando ya barabara kuu, na kila breki ilipopiga kelele akina mama tulitoka mbio kuhesabu vichwa. Sitaki kurudia kipindi kile huku nikijua kuna majani, kivuli na maji nyuma ya kufuli.

Mheshimiwa, uliahidi mbele ya watu, nami nilikuwepo. Naomba uagize eneo lile liwe wazi kwa umma Jumamosi, Jumapili na sikukuu, kuanzia asubuhi hadi jua linapokaribia kuzama, na shughuli za kukodi zisiruhusiwe tena kufunga eneo zima. Kama kuna sababu ya kukataa, naomba itajwe kwa maandishi na ibandikwe palepale ubaoni, tuisome sote. Kama haipo, basi lifunguliwe Jumamosi hii. Tutakuja asubuhi, na mama mkwe atakuwepo.

Wako kwa heshima,

Mama wa watoto wanne, mlipa kodi