Kanzu yangu si nguo ya kulalia

Mhariri,

Nimeisoma makala yenu kuhusu meli za kifahari kuacha sharti la suti na tai wakati wa chakula cha jioni, na mwandishi akayaita mabadiliko hayo uhuru wa abiria. Naomba nafasi nimjibu, kwa sababu nguo anazozitaja nimezishika kwa mikono yangu. Kuanzia 1988 hadi 2007 nilikuwa dobi katika meli za kitalii. Ukumbi wa chakula cha sherehe sikuuona hata jioni moja nikiwa kazini. Niliujua kupitia makoti yake tu.

Meli zile zina desturi ya zamani. Usiku wa kwanza hapavaliwi rasmi, kwa kuwa masanduku bado yanasambazwa vyumbani. Wa mwisho pia hapavaliwi, kwa kuwa yamekwisha kufungwa na kuwekwa nje ya milango. Mara nyingi basi usiku wa pili ndio unaokuwa wa kwanza kuvaliwa suti nyeusi, na asubuhi yake sisi wa chini tulikuwa tukiletewa mifuko ya nguo mpaka mlango haufungiki. Koti la jioni lina kola ya hariri au satini. Ukiiwekea pasi moja kwa moja inang'aa vibaya na haitengenezeki tena, lazima kitambaa chenye unyevu kikae katikati na mkono uwe mwepesi. Suruali ina utepe pembeni, toka kiunoni hadi mguuni, nao hautaki kuvutwa. Shati la mikunjo kifuani linanyooshwa mkunjo mmoja mmoja. Haya nilifundishwa na mzee mmoja wa Hong Kong ambaye alikuwa akiniondoa mkono kila nilipokaza pasi. Joto la chumba kile, kisicho na dirisha, hata leo nikilikumbuka jasho linanitoka. Kama kuna mtu aliyestahili kufurahi usiku ule ukifutwa, ni mimi. Sikufurahi.

Mabadiliko hayakuja kwa siku moja. Mwaka 2000, nikiwa bado kazini, kampuni ya Norwegian Cruise Line ilileta mtindo iliouita Freestyle: abiria ale anapotaka, saa anayotaka, na suti iwe hiari yake. Kampuni za Oceania na Viking zilipoingia baharini hazikuweka usiku wa suti kabisa. Mwaka 2015 kampuni ya Celebrity iliondoa usiku rasmi ikaweka Evening Chic, yaani umaridadi wa jioni, na Holland America nayo ikaugeuza wake ukawa usiku wa gala, ulio laini zaidi. Hata Cunard, ambayo Waingereza wanaiona kama mlinzi wa desturi hizi, imelegeza jioni za kawaida, koti limekuwa hiari. Jioni za gala haikuzigusa. Ukivuka Atlantiki kwa meli yake Queen Mary 2, kutoka Southampton hadi New York kwa usiku 7, kwa kawaida unazikuta mbili, na kuanzia saa 12 jioni mwanamume anatarajiwa awe na koti la jioni au suti ya rangi nzito, na tai. Asiyetaka anakula kwenye bafe na kukaa katika baa chache zilizotengwa, wala hakuna anayemsumbua.

Sababu za kulegeza nazielewa. Abiria wengi siku hizi huifuata meli kwa ndege, na ukipewa kilo 23 za mzigo, suti, viatu vyake na gauni refu la mkeo vimekwisha kula nafasi. Wako wenye watoto wadogo. Wako waliofunga tai miaka 40 ofisini na hawataki kuiona tena. Wote hao wana haki, na meli zisizo na usiku wa suti ziwepo kwa ajili yao.

Ninachokilalamikia ni maneno yaliyowekwa mahali pa sheria iliyoondolewa. Soma matangazo yao: unadhifu usio rasmi, umaridadi wa jioni, mvuto wa kisasa. Evening Chic ilipoanza, wanaume waliambiwa jinzi zinaruhusiwa mradi ziwe za wabunifu. Nani atasimama mlangoni kusoma chapa ya jinzi? Suruali ya soko la mitumba la Kongowea na suruali ya duka la Milan zote ni za buluu. Anayezitofautisha ni yule anayezijua bei zake, na asiyezijua atapimwa kwa sura, kwa lafudhi na kwa kiatu. Sheria ya zamani ilikuwa ngumu kwenye pasi lakini nyepesi kueleweka. Koti jeusi, shati jeupe, tai ya kipepeo. Ukishavaa, umemaliza, hakuna wa kukuuliza zaidi.

Nakumbuka abiria mmoja, dereva wa basi mstaafu kutoka kaskazini mwa Uingereza. Koti lake lililetwa chini likiwa na tundu la nondo chini ya mkono, pamoja na kikaratasi: anaomba lizibwe ikiwezekana, ni la kununua mtumba, na safari yenyewe ni ya miaka 40 ya ndoa. Mimi ni mtoto wa fundi cherehani, nikaliziba. Nilifumua uzi upande wa ndani wa pindo, nikaupitisha kwenye tundu mmoja mmoja mpaka likapotea. Mhudumu wa chumba chake akanieleza siku ya pili kwamba mzee yule alikuwa amekaa meza moja na mwenye viwanda, na mpiga picha pale kwenye ngazi akawapiga pamoja na wake zao, wakawa hawatofautiani. Nakala ya picha ile alituletea kama shukrani. Nikiitazama sasa siwezi kukuambia tajiri ni yupi. Hapa kwetu tunalijua jambo hili vizuri sana: nenda uwanjani asubuhi ya Idi uangalie safu za kanzu nyeupe, uniambie mchukuzi ni yupi na mwenye magari ni yupi.

Na sheria ile ilikuwa na kifungu ambacho wengi hawakukisoma. Katika meli niliyofanya kazi muda mrefu zaidi, karatasi iliyowekwa vyumbani ilisema kwamba badala ya koti la jioni abiria anaweza kuvaa vazi rasmi la taifa lake. Waskoti walikuja na sketi zao za mistari. Siku moja ililetwa dishdasha, vazi refu la wanaume wa Oman, na nilipoiona pale juu ya rundo la makoti meusi nilisimama kidogo. Wenzangu hawakujua waianzie wapi. Mimi niliijua kama ninavyolijua jina langu, kwani kuna nyumba nyingi za Mombasa, Lamu na Unguja ambazo nguo hiyo na kanzu zimetundikwa ukuta mmoja. Nilikinyoosha kishada cha shingoni kwa vidole, nikaikunja kama alivyokuwa akikunja mama yangu. Jioni ile, kama nilivyosimuliwa, mwenyewe aliingia ukumbini na kilemba na joho lake, na msimamizi wa ukumbi akampeleka hadi kitini. Kilikuwa kimeandikwa, basi kikatekelezwa.

Sasa nisimulie la kwangu. Mwaka 2018 binti yangu, ambaye ni muuguzi huko Uingereza, alitulipia mimi na mama yake safari ya siku 7 katika Bahari ya Kati, tukapandia Barcelona. Meli siitaji jina. Ilikuwa ya aina mpya, ya umaridadi usio rasmi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kula juu ya sitaha, pamoja na wageni. Nilijitayarisha kama mtu anayekwenda kupokea mkwe: kanzu nyeupe yenye darizi shingoni aliyonishonea marehemu baba, koti jeusi juu yake, kofia ya Lamu ya kushonwa kwa mkono iliyomchukua fundi miezi minne, na makubadhi mapya. Mke wangu alivaa gauni refu la zambarau na mtandio wake, akajifukiza udi chumbani mpaka ujia mzima ukanukia.

Mlangoni kijana akatusimamisha. Kwa adabu, lazima niseme, bila kupaza sauti. Akamwambia binti yangu kwamba mgahawa huu hauruhusu nguo za kulalia wala za ufukweni, na kama baba angependa, angeweza kurudi kubadilisha. Binti yangu akamuuliza ni wapi imeandikwa kwamba kanzu ni nguo ya kulalia. Akafungua kijitabu. Palikuwa pameandikwa tu kwamba abiria wavae kwa umaridadi. Wakati wakizungumza, walitupita wanaume watatu kwa fulana za kola na viatu vya raba, wakaingia. Mke wangu akanishika mkono akaniambia kwa sauti ya chini, "Baba Zuhura, twende zetu tukale juu." Tukaenda kula kwenye bafe. Yeye hakula.

Kijana yule simlaumu sana. Alikuwa mgeni wa kazi, na mikononi mwake alipewa neno moja lisilo na maana maalumu, akaambiwa alinde mlango kwa neno hilo. Angelikuwa na karatasi ile ya zamani, angeisoma mstari wa mwisho, akaniambia, karibu mzee.

Najua watakaoniambia kwamba sheria ya zamani ilikuwa ya mkoloni. Nimeliwaza sana hilo. Baba yangu alikuwa na cherehani yake hapa Mji wa Kale wakati S.S. Kenya na S.S. Uganda za kampuni ya British India zilipoanza safari za London hadi pwani yetu, mwaka 1951 na 1952. Zikifunga Kilindini, waliletwa watumishi na suruali za jioni za kupunguzwa kiuno na magauni ya kushushwa pindo, yawe tayari kabla meli haijaondoka kwenda Dar es Salaam. Alizijua nguo zile nje ndani, na sijapata kusikia mtu wa mtaa wetu aliyekaa kula katika ukumbi wa daraja la kwanza wa meli hizo. Kwa hiyo siulilii wakati ule. Lakini kilichomzuia baba yangu hakikuwa koti, maana koti angeweza kujishonea siku tatu tu, tena zuri kuliko mengi aliyoletewa. Alizuiliwa na watu walioamua nani ni wa pale na nani si wa pale. Maneno yasiyo na mipaka yanawarudishia watu wa namna hiyo uamuzi uleule, na ndiyo maana yananitia wasiwasi kuliko tai ya kipepeo.

Kwa wenye meli, ombi langu si kubwa. Mkitaka kufuta usiku rasmi, ufuteni wote, mtu aingie na kaptula, tujue. Mkitaka kuubakiza, andikeni ni nguo gani, kwa majina ya nguo, na vazi rasmi la taifa litajwe humo, na picha mbili tatu ziwekwe kwa ajili ya vijana wa mlangoni: kanzu na koti, agbada ya Wanigeria, barong ya Wafilipino, sari. Wafilipino ni wengi mno katika meli hizo kama wafanyakazi. Nimefanya kazi nao miaka 19, nimewaona wakizikunja barong zao ndani ya mifuko ya plastiki kwa ajili ya harusi za kwao, na ingekuwa aibu kubwa meli isilijue vazi la watu wanaoiendesha.

Kwa ndugu zangu wa pwani, ambao siku hizi watoto wao wa Uingereza, Marekani na Ghuba wanawalipia safari hizi, nasema msiache kanzu nyumbani kwa kuogopa. Kabla hamjatoa pesa, mtoto aiandikie kampuni, aulize kwa jina: je, kanzu na koti vinakubaliwa jioni ya sherehe katika ukumbi mkuu? Jibu likija alichapishe. Wakala akijibu kwa simu tu, mwambieni aandike. Na wanawake waulizie mtandio na buibui vilevile, wasije wakajikuta wanakula chumbani na kwenye bafe tu siku zote 7.

Binti yangu ametukatia tena tikiti, safari hii kutoka Southampton, kwa meli ya Cunard, na masharti yao nimesomewa mstari kwa mstari: jioni za gala, vazi rasmi la kitaifa linakaribishwa. Mama yake alikuwa amekataa kabisa kupanda meli tena. Juzi nilimkuta ameitoa kanzu ile ya baba sandukuni, anaikagua darizi kwenye mwanga wa dirisha, akaniuliza kama pasi ya makaa ya mama yangu bado ipo, kwa kuwa hii ya umeme haiiamini. Ipo. Nimekwisha kununua makaa.

Dobi mstaafu wa meli,
Kibokoni, Mombasa