Barua kwa mwanangu aliye Dodoma

Mwanangu mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua huko chuoni mnasalimiana "Bwana asifiwe", na nikikupigia simu ndivyo unavyonipokea. Sina neno, Bwana ni yule yule. Sisi hatujambo. Baba yako goti linamsumbua kwa hizi mvua za masika, lakini kwaya haachi wala hataki kuambiwa apumzike.

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema mlikaa duara kwenye ushirika wenu, kila mmoja akaulizwa ameleta watu wangapi kwa Yesu, na zamu yako ilipofika ukanyamaza. Kisha mmoja akasema Wakristo wa Zanzibar wamelala, wanaishi na Waislamu miaka nenda miaka rudi na hawafungui mdomo. Ukaniuliza, mama, kweli imani yetu ni baridi?

Sikukasirika. Wenzako hao wamekufundisha mambo ambayo sisi hatukukufundisha. Kanisani kwetu sala tunamwachia padri, yetu ni "Amina" tu. Leo unaomba kwa maneno yako mwenyewe na unaamka alfajiri kusoma Neno, nami nashukuru. Ila huyo aliyesema tumelala, sidhani kama amewahi kukaa Unguja hata mwezi.

Mimi si mhubiri, ni fundi cherehani, na nitakujibu kwa ninachokijua. Mwaka huu wa 2026 Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 18 Februari, na Ramadhani ikaingia siku hizo hizo. Nilitoka kanisani kwetu Mkunazini na majivu yangu kwenye paji la uso, nafika nyumbani nakuta wateja barazani, kila mmoja na mfuko wa vitambaa vya Idd kutoka Mchangani. Kwaresima yangu yote ikapita juu ya cherehani. Unajua kumi la mwisho lilivyo, magauni ya watoto, kanzu, mashungi, na kila mtu anataka chake kabla mwezi haujaandama. Hapo ndipo fundi anapojaribiwa. Pesa ya Idd ndiyo inayolipa ada yako, kwa hiyo mkono hautaki kukataa kazi. Unapokea, unasema "njoo kesho kutwa", na moyoni unajua kesho kutwa kitambaa hakitakuwa kimeguswa hata na mkasi. Yesu anasema maneno yenu yawe "Ndiyo, ndiyo, Siyo, siyo". Neno hilo likisomwa kanisani linanipita. Linanikamata nikiwa na tepu shingoni, na mama wa watu amesimama mlangoni na watoto wake wanne wanasubiri kupimwa.

Basi daftari likijaa, nafunga. Mwaka huu nilimrudisha hata bibi wa mlango wa pili na vitambaa vya wajukuu zake. Nikamwambia, bibi, sitawahi, mpelekee fundi mwengine mapema. Alinuna kweli kweli, akawa anapita bila kubisha hodi. Halafu jioni moja, wakati wa kufuturu, mjukuu akaja na bakuli la muhogo wa nazi na salamu: nguo zimeshonwa kwengine zimekwisha, na mwakani ataniletea tangu Shaabani, mwezi mzima kabla ya Ramadhani.

Na lipo jambo la masalio. Mtu akileta yadi nne na nguo ikala tatu na nusu, ile nusu kwa mazoea ya mjini ni ya fundi, wala hakuna anayeiulizia. Mimi naikunja, naifunga kwa uzi wa rangi ile ile, naichomeka ndani ya nguo iliyokwisha kupigwa pasi. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiniuliza kwa nini siibakizi nikushonee mfuko wa skuli. Sikuwa nakujibu, nilikuwa na kazi.

Wenzako watasema hayo hata Mwislamu mwema anayafanya. Anayafanya, tena wengine wananishinda. Sikushona kwa uaminifu ili nimshinde mtu. Nimeshona hivyo kwa sababu ndivyo Bwana wangu anavyotaka, na jirani akiniuliza kwa nini, namwambia bila kuficha jina lake. Wameniuliza wengi. Nimewajibu barazani, chai ikiwa mkononi, na wao wakanieleza ya kwao.

Lakini kilichonichoma katika ujumbe wako ni hilo la kuhesabu. Mwanangu, wewe umebatizwa Mkunazini. Kanisa lile limejengwa palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873 Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alipotia saini mkataba na Waingereza. Altare iko pale panaposimuliwa kuwa palikuwa na mti wa kuwachapia watu, na Askofu Steere, aliyelijenga, amezikwa nyuma yake tangu 1882. Uwanja ule watu walipangwa mstari, wakahesabiwa vichwa, wakatajwa bei. Na walioanza kulijaza kanisa walikuwa wao wenyewe waliouzwa. John Swedi aliokolewa utumwani akiwa mtoto, mwaka 1879 akawa shemasi. Cecil Majaliwa naye aliuzwa akiwa mtoto, mwaka 1890 akapewa upadri. Kwa mtu aliyelelewa kwenye sakafu ile, swali la "umeleta wangapi" lina uzito mwengine. Sisemi wenzako wana nia mbaya. Nasema ulinyamaza, na kwangu mimi hukuwa na haja ya kuona haya.

Wala sitaki uyapake rangi nzuri tu mambo ya kwetu. Tarehe 17 Februari 2013, Jumapili asubuhi, Padri Evarist Mushi wa Kanisa Katoliki hapa Unguja alipigwa risasi akauawa akienda kusalisha Misa. Ulikuwa na miaka saba, tulikwambia padri ameugua. Mji mzima ulikuwa unanong'ona. Jumapili iliyofuata baba yako alisema tusalie nyumbani, mimi nikasema naenda. Nafungua mlango, namkuta mume wa yule bibi wa mlango wa pili, Mungu amrehemu, amesimama uchochoroni na kanzu yake na bakora. Alisema "twendeni", basi. Akatangulia mbele yetu mpaka lango la kanisa, akasubiri tuingie, akarudi barazani kwake. Aliendelea hivyo hadi Pasaka. Watu walimsema, nami nilisikia walivyomsema, lakini mwenyewe hakuwahi kunigusia. Alipofariki, baba yako alikaa nje na wanaume na mimi niliingia ndani kuchambua mchele. Hatukusoma nao dua, tuliinamisha vichwa, na hakuna aliyetutazama vibaya.

Kwa hiyo ukiulizwa tena, waeleze habari za mzee yule. Wakisema siyo jibu la swali lao, usigombane nao. Wengi wao wamekulia mahali ambapo jirani wote wanakwenda kanisa moja, na hilo si kosa lao.

Sasa la mwisho, na hili nasema kama mama. Umeniambia umekosa jaribio la Jumamosi kwa sababu ya mkesha wa Ijumaa. Mkesha nenda, sikukatazi, ila ukiwa na kipindi asubuhi yake, ondoka saa nne usiku ukalale. Ada yako imetoka kwenye vifungo vya watu, nimevitia kimoja kimoja kwa sindano ya mkono. Nenda kamwone mwalimu, umweleze ukweli ulivyo, usimwambie ulikuwa unaumwa.

Kifurushi kinakuja kwa boti mpaka Dar, binamu yako atakipakia kwenye basi. Kuna mashati mawili, pindo la mikono nimeliacha refu maana sijui umefika wapi kwa urefu. Chini kabisa kuna halua ya Wete, bibi ameagiza kwao Pemba kwa ajili yako. Wagawie na wenzako wa ushirika, na usiwaambie imetoka kwa nani mpaka wamemaliza kulamba vidole.

Baba yako anakusalimu. Piga simu Jumapili baada ya ibada.

Mama yako