Akili mnemba iwafikie walimu kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu matumizi ya akili mnemba katika skuli zetu. Tangu kampuni ya OpenAI ya Marekani ilipotoa ChatGPT, programu ya akili mnemba inayojibu maswali na kutunga maandishi, mwezi Novemba 2022, kazi za nyumbani zinazotufikia walimu zimebadilika: insha huja safi, haina kosa hata la herufi, lakini ukimtaka aliyeileta akueleze aya ya pili inasema nini, hushindwa.

Hivi karibuni niliwapa wanafunzi wangu insha kuhusu zao la karafuu. Mmoja wao, ambaye kila msimu huanika karafuu na wazee wake kwenye majamvi, aliandika kwamba maua ya mkarafuu huachwa yachanue ndipo yachumwe. Hapa Pemba hakuna asiyejua kwamba karafuu huchumwa kabla haijafunguka, na kwamba ikishachanua thamani yake hushuka. Mtoto huyo amekuwa akitenganisha karafuu na makonyo (vikonyo vyake) tangu hajaanza skuli, lakini simu ilipomwambia vingine kwa maneno yaliyopangika vizuri, aliiamini simu. Hilo linanitia hofu kuliko kunakili kwenyewe.

Programu hizi hupanga maneno kwa kukisia neno gani lina uwezekano mkubwa wa kufuata, kutokana na maandishi mengi zilizofunzwa kwayo, ambayo sehemu kubwa ni ya Kiingereza. Mambo yetu yamo kidogo humo, na pale zisipokuwa na taarifa hujibu kwa uhakika uleule.

Sisemi zipigwe marufuku, kwani simu zimo majumbani na katazo la skuli halifiki huko. Isitoshe, mwalimu mwenye darasa kubwa anaweza kusaidika sana katika kuandaa somo na kutunga mazoezi ya viwango mbalimbali, ilimradi ayahakiki mwenyewe kabla ya kuyapeleka darasani. Mwongozo wa UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, wa Septemba 2023 ulipendekeza umri wa kuzitumia darasani usipungue miaka 13, na ukasisitiza walimu wapatiwe mafunzo.

Kwa hiyo naiomba Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali ivitumie vituo vya walimu vya Unguja na Pemba kutufunza sisi kwanza, kabla wanafunzi hawajahimizwa kuzitumia. Insha za kutolewa alama ziandikwe darasani kwa kalamu, na aliyeandika nyumbani aulizwe kwa mdomo juu ya alichokiandika. Majibu ya programu nayo yaletwe darasani, yasomwe kwa sauti, wanafunzi wayakosoe kwa yale wanayoyajua na kwa vitabu vyao. Tena kazi yoyote isimlazimu mtoto kuwa na simu wala bando, kwa sababu wapo wengi, hasa vijijini, ambao wazazi wao hawana uwezo huo.

Mwalimu wa Kiswahili,
Wete, Pemba