Askari apimwe kwa alama, si kwa "amefaulu"

Ndugu Mhariri,

Askari anayepelekwa kiwanja cha shabaha mara moja kwa mwaka, akapiga risasi chache na kuandikiwa "amefaulu", hurudi kazini bila kujua anakosea wapi. Mashindano ya bastola ya PPC (Police Pistol Combat), yaliyobuniwa kwa ajili ya polisi, hayamwachi hivyo. Yale kamili ni ya risasi 150, kila moja ikiwa na alama 10 kwa juu, jumla 1500. Hupigwa kutoka yadi 7 hadi 50: kwa kusimama, kupiga goti, kukaa, kulala, na nyuma ya kinga kwa mkono wa kulia na wa kushoto.

Pale yadi 7 ni risasi 12 ndani ya sekunde 20: chomoa bastola, piga sita, badili magazini (kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini), piga sita. Wengi hupoteza muda kwenye magazini. Ikishikwa ovyo hugonga ukingo wa mpini na kukataa kuingia. Kidole cha shahada kilale mbele ya magazini, ncha yake ikigusa risasi ya juu, na macho yatazame tundu la mpini hadi magazini ikae.

Yadi 25 ndipo kifyatulio, kile kinachovutwa kwa kidole, kinapomuumbua mtu. Mpigaji wa mkono wa kulia ambaye matundu yake kwenye karatasi ya shabaha hujazana chini kushoto, mara nyingi huukaza mkono mzima akingojea mshindo. Kuhamisha saiti, yaani kilengeo cha bastola, ni kuficha ugonjwa tu. Mwenzake ampakilie magazini na kuchanganya risasi bandia mahali asipopajua. Ikifika zamu ya bandia bastola hailii, na mdomo wa bastola ukiinama kila aliye karibu anauona, naye mwenyewe pia. Baada ya hapo afyatue bastola tupu dakika 10 kila siku, risasi zote zikiwa chumba kingine, saiti ya mbele isitikisike kifyatulio kinapoachia.

Wanaopinga husema karatasi haikimbii wala hairudishi risasi. Ni kweli, na mashindano hayafundishi lini askari asifyatue. Hilo lina mafunzo yake. Lakini anayeikosa karatasi iliyotulia ataipeleka risasi kwa mpita njia.

Tunawaomba wakuu wa mafunzo waandike alama za kila askari kwa kila umbali, wampe kadi yake, na wamrudishe kiwanjani kwenye umbali ule uliomshinda.