Barua kwa Ndugu Diwani: nenda ukamjulie hali

Magomeni, Dar es Salaam

Ndugu Diwani, rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa familia. Barua yako nimeipata na nimeelewa kinachokusitisha: ukienda kumjulia hali mpinzani wako aliyelazwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wafuasi wake watasema umefuata kura kitandani kwa mgonjwa, na usipokwenda watasema umefurahia ajali yake. Kwa maoni yangu nenda, na uende kabla wiki hii haijaisha.

Nasisitiza mapema kwa sababu ya yale tuliyoyashuhudia wakati wa Tundu Lissu, aliyekuwa mbunge wa upinzani. Alipigwa risasi Dodoma tarehe 7 Septemba 2017, akakimbizwa Nairobi, na Mama Samia, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alifika kumwona tarehe 28 Novemba, siku aliyokwenda kuhudhuria kuapishwa kwa Rais Uhuru Kenyatta, akimpelekea na salamu za Rais Magufuli. Nililipenda sana jambo lile, na naamini lilihitaji moyo. Lakini miezi zaidi ya miwili ilikuwa imekwishapita, na katika ukimya ule kila mtu alikuwa amekwishajijibu mwenyewe.

Kabla hujatoka nyumbani, mpigie simu kaka yake mkubwa uombe ruhusa, maana mgonjwa ana wenyewe. Wakiridhia, nenda saa za kuona wagonjwa kama mtu mwingine yeyote, ukifuatana na mzee mmoja wa mtaa anayeheshimiwa na pande zote mbili. Katibu wako, sare za chama na mpiga picha wabaki. Picha ndiyo ninayoiogopa zaidi: mtu aliyefungwa vyuma mguuni, amejifunika shuka la wodi, hana namna ya kuikwepa kamera, nawe usikubali aonekane hivyo mbele ya watu aliowaomba kura. Ukiwa na mchango wa matibabu, mkabidhi mkewe pembeni. Habari za uchaguzi usiziguse, hata akizianza yeye.

Maneno aliyokusema pale Manzese siyasahau, wala sisahau yalivyomuumiza mama yako. Kwa hiyo mwambie Mama kwanza, kwa kinywa chako, asije akasikia kwa majirani kwamba umekwenda. Familia ikikupa nafasi Alhamisi, nitakuwa Muhimbili tangu saa tisa alasiri. Nipigie nije nikupokee getini.

Wako daima,
Rafiki yako